MALI BILA DAFTARI: NGAJI, VIGANGO NA MAONYESHO YETU YA GARSEN

Mwaka huu sikuleta hadithi wala shairi. Nimeleta swali. Je, mgeni akishuka stendi ya Garsen leo na kusema, "Hebu nionyesheni mambo ya watu wa Mto Tana," tutampeleka wapi?

Wenzetu wa Malindi wana makumbusho yao karibu na bahari. Wa Lamu wana Makumbusho ya Lamu na ile Ngome, na wa Mombasa wana Fort Jesus, ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha za vitabu vya historia tu. Mtoto wa Garsen akitaka kuyaona hayo hupanda gari, akasafiri zaidi ya kilomita 100 hata kufika Malindi au upande wa Lamu, na Mombasa ni mbali zaidi. Hapa mlangoni petu hatuna jumba la namna hiyo. Lakini tusikimbilie kusema kwamba hatuna mali. Mali tunayo. Tunachokosa ni kile wahenga walichotuonya nacho waliponena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika makala haya nitaeleza makumbusho na maonyesho ni nini hasa, nisimulie visa viwili vya kweli vya vitu vilivyotoka pwani yetu vikaenda ng'ambo, kisha nionyeshe jinsi ambavyo shule kama yetu inaweza kufanya maonyesho yake bila kungoja jumba.

MAKUMBUSHO NA MAONYESHO

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili chetu kina siri zake. Kukumbuka ni kazi ya mtu mmoja moyoni mwake. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Basi makumbusho ni mahali pa kumkumbusha mwingine, na haitoshi kuwa na vitu vya kale ndani. Kama hakuna anayekumbushwa, hapo pana ghala tu.

Jumba la makumbusho lina kazi kuu nne. Kwanza hukusanya vitu. Pili huviandika: kitu gani, cha nani, kilitoka wapi, kilifika lini, kwa njia gani. Tatu huvitunza visiliwe na mchwa, visiote ukungu, visiibwe. Nne huvionyesha. Watu wengi huijua hiyo ya nne peke yake, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini makumbusho makubwa ya dunia huonyesha sehemu ndogo tu ya vitu vyake, na vingine vyote hulala ghalani, kwenye rafu na masanduku, miaka nenda miaka rudi.

Maonyesho nayo ni tofauti kidogo na makumbusho. Makumbusho hudumu, maonyesho huja na kwenda. Unaweza kufanya maonyesho ya siku moja, ya wiki moja au ya miezi mitatu, ndani ya jumba, chini ya mwembe au ndani ya darasa. Kinachotakiwa ni vitu vilivyochaguliwa kwa makusudi, vikapangwa kwa utaratibu, vikapewa maelezo, na watu wakaalikwa kuja kuviona na kuvizungumzia.

Na jumba lenyewe si lazima lijengwe upya. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ili kupiga mizinga. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, na leo ni makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza hadi 1984, na leo watu huingia humo kwa hiari yao kutazama na kusoma. Kama gereza liliweza kugeuka makumbusho, kwani darasa letu lina kasoro gani?

KISA CHA KWANZA: NGAJI

Sasa tufike kwenye jambo linalouma. Kitu kinachojulikana zaidi duniani kutoka kwetu Tana hakiko Tana. Kiko London.

Kitu hicho ni ngaji, ngoma takatifu ya Wapokomo. Tusiichukulie kama ngoma ya harusini au ya kuburudisha wageni. Ngaji ilikuwa chombo cha wazee, na sauti yake ilikuwa ishara ya mamlaka na ibada. Watu wengi wa kawaida waliisikia tu. Kuiona ilikuwa haki ya wachache waliopitia taratibu zao. Kwa hivyo aliyeishika ngaji alikuwa ameshika serikali ya watu wale, kama vile leo mtu angeshika katiba na muhuri kwa mkono mmoja.

Mwaka 1902 watawala wa Kiingereza waliichukua kwa nguvu. Mwaka 1908 ikaingia British Museum, London, na huko iko hadi leo. Ajabu ni kwamba haikuwekwa mbele ya watazamaji ili dunia imjue Mpokomo ni nani. Iliwekwa ghalani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, viongozi wa Wapokomo waliokwenda London waliruhusiwa kuiona huko huko ghalani, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu atauliza, "Kwani si wairudishe tu?" Jibu la makumbusho yale ni kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayaongoza na kuyazuia yasitoe vitu vyake, isipokuwa kwa sababu chache mno. Tazama tarehe hiyo vizuri. Mwaka ule ule tuliopandisha bendera yetu ndio mwaka ambao mlango wa lile ghala ulitiwa kufuli la sheria. Kuna nchi zilizopata njia ya katikati. Mwaka 2024, kwa mfano, vitu 32 vya Waasante, vingi vikiwa vya dhahabu, vilipelekwa Kumasi nchini Ghana kutoka makumbusho mawili ya London, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu. Ndiyo kusema mwenye mali aliazimwa mali yake. Wako waliofurahi kwamba walau watoto wao waliviona, na wako waliosema huo ni utani mchungu. Wewe msomaji uko upande gani? Hilo ni swali zuri la mdahalo wa Chama chetu.

Ngaji si peke yake. Mwaka 2021 Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yalifanya maonyesho kuhusu vitu vya Kenya vilivyo nchi za ng'ambo. Wasanii na watafiti wa Kenya na Ujerumani walishirikiana kutengeneza orodha, wakaandikia makumbusho ya nje kuuliza: mna nini chetu? Orodha hiyo ilifikia vitu zaidi ya 32,000, na hivyo ni vya majumba 30 tu yaliyohesabiwa. Fikirieni, jamani. Vitu elfu thelathini na mbili, na mtoto wa Kenya hajui hata majina yake.

KISA CHA PILI: VIGANGO

Kisa cha pili kinatoka kwa majirani zetu Wamijikenda, hasa Wagiriama, ambao wengine wao tunaishi nao hapa hapa katika delta. Kigango ni mti mgumu uliochongwa ukawa kama ubao mrefu, umejaa nakshi za pembe tatu, na huwa na kichwa. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, yaani mtu mzito katika jamii. Kigango ni kama yeye mwenyewe amesimama pale. Hakihamishwi ovyo, seuze kuuzwa.

Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vigango viliibwa kwa wingi. Kijana mwenye shida alikichomoa usiku, akakiuza kwa bei ya kutupa, kikapita mikono hata kikafika Marekani, na huko kikauzwa kwa fedha nyingi kama pambo la ukutani. Matajiri walivinunua, kisha wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Watafiti walipohesabu walikuta vigango karibu 300 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Sasa sikilizeni jinsi viwili vilivyopatikana. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyosimamisha kwa ajili ya ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Mzee akalalamika, akatafuta, hakupata, na hatimaye akafariki. Mwaka 1999 Udvardy alikuwa mkutanoni Marekani, akaona picha za vitu vya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Mojawapo ya vile vigango kilikuwa hapo! Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya jimbo la Illinois. Baada ya barua nyingi na mivutano, vyote viwili vikarudishwa, na mwaka 2007 familia ikavipokea nyumbani. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver nayo yalirudisha Kenya vigango 30.

Hapa pana mambo mawili ya kuyatofautisha. Vile viwili vilirudi hadi mlangoni kwa wenyewe kwa sababu palikuwa na picha, jina, mahali na mwaka. Vile 30 vilirudi nchini, lakini kigango kisichokuwa na picha wala jina, utakipeleka boma gani? Nani atasema, "Huyu ni babu yetu"? Wizi ulikuwa mmoja. Kilichotenganisha hatima zao ni daftari.

Na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tunapenda kusema kwamba Mzungu alituibia, na ni kweli kwamba alituibia. Lakini vitu vinaweza kupotea hata bila kuvuka bahari. Kibuyu kilicho jikoni kwa nyanya, ambacho hakuna mjukuu anayejua kilitengenezwaje wala jina lake, kimekwisha kupotea nusu. Nyanya akiondoka, nusu ya pili inaondoka naye.

MALI TULIYO NAYO

Hebu tutembee kwa fikira, tuone tuna nini.

Tuanze mtoni. Kuna mtumbwi wa kuchongwa kwa mti mmoja, ambao Wapokomo huuita waho. Ndio uliovusha watu, ndizi, maembe na hata wagonjwa kabla ya barabara, na mafuriko yakija hadi leo ndio unaotuokoa. Kuna mitego ya samaki, vinu vya mpunga, mikeka na jembe la mkono.

Tuingie kwa ndugu zetu Waorma na Wawardei. Kuna vyombo vya maziwa vya kusuka na kuchonga, vinavyofukizwa kwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Kuna nyumba ya mviringo ambayo akina mama huijenga wenyewe na kuihamisha wanapofuata malisho. Nyumba hiyo ni hesabu na sayansi tupu, ila haimo katika kitabu chetu cha fizikia. Aidha kuna Wamunyoyaya, Wailwana na Wawata, jamii ndogo ambazo lugha na ufundi wao tusipoviandika sisi, nani ataviandika?

Tukiteremka hadi Kipini, yako magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili wenye misikiti na makaburi. James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950 na kuuandikia kitabu kilichotoka 1966. Upande huo huo wa Kipini na Ozi ndiko masimulizi mengi yanakomzika Fumo Liyongo, shujaa tunayemsoma darasani. Sisi hukariri sifa za shujaa kwa ajili ya mtihani, tukasahau kwamba anasimuliwa kuwa jirani yetu.

Pale Ngao na Golbanti kuna historia ya vituo vya wamishenari vya miaka ya 1880. Na kule Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau walipigwa hadi kufa. Habari yao ilitikisa Bunge la Uingereza. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya mkoa wa mto huu, ingawa wafungwa wenyewe waliletwa kutoka mbali.

Mwisho, kuna mali isiyoshikika kwa mkono. Kila tunaposimama gwarideni asubuhi kuimba Wimbo wa Taifa, sauti tunayoiimba ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mtoto wake. Kenya nzima, kutoka Busia hadi Kiunga, inasimama wima kwa sauti iliyotoka kwenye kingo za mto wetu. Maonyesho yanaweza pia kuwa ya sauti: nyanya akae kitini, aimbe, na wanafunzi waandike.

MSIMU UPI UNAFAA?

Maonyesho ni kama shamba, yana msimu wake. Wenzetu wa Lamu wanalijua hili. Maulidi yao hufuata mwezi wa Mfungo Sita, na tamasha la utamaduni la Lamu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, huwa na mashindano ya majahazi na mbio za punda. Watu hujua lini waje, wakajitayarisha.

Dunia nzima nayo ina Siku ya Makumbusho, tarehe 18 Mei, iliyoanzishwa 1977. Lakini kwetu Tana siku hiyo ina matatizo. Mei ni katikati ya masika. Mto hujaa kwa mvua za bara, njia hukatika, watu huhamia sehemu za juu. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha shule za nchi nzima, muhula wa pili ukaanza tarehe 13 Mei. Siku tano baada ya hapo ungemwalika nani kuja kutazama mikeka, wakati yeye mwenyewe hana pa kutandika wake?

Wengine watasema basi tungoje kiangazi, maana ndipo wafugaji wanaposhuka na mifugo kutafuta maji na malisho katika delta, na jamii zote zinakuwa karibu. Ni kweli, lakini ukaribu huo ndio unaozaa ugomvi wa maji na mashamba. Sote tunajua yaliyotokea kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, wakiwemo watoto na akina mama. Sisi tulio shuleni leo tulikuwa wachanga au hatujazaliwa, lakini nyumbani bado kuna majina yanayotajwa kwa sauti ya chini.

Kwa maoni yangu, mwezi wa Julai ndio unaofaa. Maji yamepungua, barabara zimekauka, malisho bado yapo na moyo wa mtu umetulia. Siku iwe Jumamosi, kwa sababu Ijumaa mchana wengi wako msikitini na Jumapili asubuhi wengine wako kanisani.

Sitaki mtu adhani kwamba vibuyu na mitumbwi vitamaliza ugomvi wa ardhi. Havitamaliza. Ugomvi wa ardhi unataka sheria, maji na haki. Lakini kijana aliyewahi kuelezwa na mama wa Kiorma jinsi chombo cha maziwa kinavyofukizwa, au aliyewahi kuoneshwa na mzee wa Kipokomo jinsi waho unavyochongwa, hawezi kusema kirahisi kwamba "wale hawana lolote". Na vita vingi huanza na sentensi hiyo.

JINSI YA KUFANYA MAONYESHO YETU

Haya, tuache maneno, tuingie kazini. Nimepanga hatua sita.

Kwanza, daftari. Kabla ya kuleta kitu chochote, tununue daftari moja gumu lenye mistari. Kila kitu kipewe namba na kuandikwa: jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, kimetengenezwa na nani, wapi, kwa vifaa gani, kinatumikaje, ni cha nani, kimeazimwa lini na kitarudishwa lini. Kipimwe urefu na upana, kipigwe picha. Mwenyewe atie sahihi au dole gumba, na mlezi wa Chama atie sahihi vilevile. Daftari likae ofisini, na nakala yake ikae mahali pengine, maana mafuriko hayachagui ofisi.

Pili, ruhusa. Si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Vitu vya ibada, vya jando na vya mazishi vina wenyewe na vina miiko. Tukumbuke kwamba ngaji yenyewe haikuwa ya kila jicho. Basi tusije tukafanya nyumbani kile tunachowalaumu waliotuchukulia. Mzee akisema, "Hiki hapana, mwanangu," tuseme, "Ndiyo, mzee," tukamshukuru. Na kama ana radhi, tuandike tu kwamba kitu hicho kipo na hakionyeshwi.

Tatu, tusichimbe. Anayekwenda Ungwana asirudi na kigae mfukoni eti analetea shule. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo. Kigae kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Ukikiona, kiache hapo, kipige picha, mwambie mwalimu apeleke habari kwa wahusika.

Nne, maelezo. Hapa ndipo maonyesho mengi ya shule huanguka. Mtu huandika kikaratasi: "Mtumbwi wa zamani." Basi! Mtazamaji ataondoka na nini? Afadhali aandike hivi: "Waho. Mtumbwi wa mti mmoja. Umechongwa kwa tezo na shoka katika kijiji fulani, mwaka fulani, na fundi fulani, aliyefundishwa na babake. Hubeba watu wanne na mizigo. Ulitumika wakati wa mafuriko ya 2018 kuhamisha familia tatu. Umeazimwa, utarudi mtoni Jumatatu." Maneno hayazidi 40, lakini mtu, mahali na mwaka wote wamo. Kikaratasi kiwe kwa Kiswahili, na jina la kitu liwe kwa Kipokomo, Kiorma au lugha ya mwenyewe. Hapo Chama cha Kiswahili ndipo penye kazi yake, kwa sababu Kiswahili ndicho kikalio tunachoweza kukalia sote.

Tano, mwenyewe awepo. Kikaratasi kizuri namna gani hakishindi mama aliyeketi kando ya chombo chake akijibu maswali. Tualike wazee na akina mama, tuwape viti mbele na chai, si kuwaweka nyuma ya wageni wa heshima. Wageni wa heshima siku hiyo ni wao. Mwanafunzi mmoja aketi karibu na kila mzee na kuandika majibu. Jioni majibu hayo yaingie katika daftari.

Sita, kurudisha. Jumatatu yake kila kitu kirudi kwa mwenyewe kikiwa salama, na mwenyewe atie sahihi ya kupokea. Shule ikirudisha vizuri mwaka huu, mwaka ujao itaazimwa zaidi. Ikipoteza kimoja tu, hata ufagio haitapewa tena.

WATAKAOSEMA HAIWEZEKANI

Najua wako watakaopinga, nami nawajibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema, "Hatuna pesa." Gharama ni daftari, karatasi ngumu, kalamu, kamba, mikeka ya kuazima na chai. Simu ya mwalimu mmoja inatosha kwa picha. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa pili atasema, "Hayo ni mambo ya kale, sisi tunataka kompyuta." Ndugu yangu, orodha ile ya vitu 32,000 ilitengenezwa kwa kompyuta. Kompyuta haigombani na kibuyu. Ila kompyuta ikiulizwa habari za Garsen itajibu kile ambacho mtu alikiandika, na kama hatujaandika sisi, itajibu ya wengine.

Wa tatu atasema, "Kazi hiyo ni ya serikali." Ana ukweli nusu. Katiba yetu ya 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya shughuli za utamaduni, na imetaja waziwazi maktaba na makumbusho. Kwa hivyo tunayo haki ya kuwauliza viongozi wa kaunti yetu: la kwetu lini? Lakini mwombaji mwenye daftari lililojaa husikizwa kuliko mwombaji mwenye mdomo mtupu. Tukiwa na vitu 200 vilivyoandikwa, vyenye picha na wenyewe, tutakuwa tunaomba paa tu, kwa maana makumbusho yatakuwa yameshaanza.

Na siku ngaji itakaporudi, kwa mkopo au moja kwa moja, itauliza swali lile lile la vile vigango: nipelekwe kwa nani, nani ananijua? Wazee wanaojua habari zake wanapungua kila mwaka. Madai ya kuirudisha yanapelekwa na wakubwa. Kuandika yale ambayo wazee wako radhi tuyaandike ni kazi inayotufaa sisi, tena haihitaji tikiti ya ndege.

Hivyo basi natoa pendekezo kwa Chama: kabla ya kufunga muhula, kila mwanachama alete ukurasa mmoja kuhusu kitu kimoja cha nyumbani kwao. Asilete kitu chenyewe. Alete jina lake, mwenyewe, kijiji, mwaka na matumizi yake. Tukiwa wanachama 60, tutakuwa na kurasa 60, na hizo ndizo zitakazotuambia Julai tuonyeshe nini. Yule aliye nyumbani na nyanya yake wikendi hii aanze leo. Amwulize, "Nyanya, hiki kinaitwaje, na nani alikutengenezea?" Kisha achukue kalamu aandike, asitegemee kichwa.

Shime, wenzangu.